Ukienda kwa wakili wa talaka, beba daftari

Mdogo wangu alijiandaa wiki nzima kwenda kwa wakili. Alijiandaa kulia, na kweli alilia. Nilimsindikiza mpaka ghorofa ya tatu, lifti mbovu, na kwa dakika arobaini akamwaga yote: michepuko ya shemeji, maneno ya mawifi, meseji za saa nane usiku. Wakili alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza akauliza, "Mama, Baraza mmeshakwenda?" Hatukuwa tumekwenda. "Na kiwanja cha Mbagala mlinunua mwaka gani?" Mdogo wangu akanitazama mimi. Mimi nikatazama feni.

Tulilipa hela ya ushauri, tukashuka ngazi. Kwenye daladala ndipo nilipoona kosa letu, ambalo naona watu wengi wanalifanya: tunakwenda kwa wakili kama tunakwenda kwa shangazi. Shangazi anataka kujua nani kakukosea. Wakili anataka tarehe.

Hilo la Baraza si urasimu wa wakili yule. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, huwezi kufungua shauri la talaka mahakamani kabla hamjapita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la dini yenu, likashindwa kuwapatanisha na kukupa hati, ile ambayo wengi wanaiita fomu namba tatu. Ipo misamaha, kwa mfano mwenza aliyekutoroka na hujui aliko. Na hati yenyewe inachacha: ikifika mahakamani isiwe imezidi miezi sita. Kama ndoa yenu haijatimiza miaka miwili, sema hilo mapema, maana hapo kwanza inabidi kuomba ruhusa ya mahakama.

Lakini penye kazi hasa ni mali. Mdogo wangu ni mama wa nyumbani. Hati ya kiwanja ina jina la mume peke yake, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiambiwa "nyumba yangu". Sheria inatazama juhudi za pamoja, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kupika, kufua na kulea watoto ni mchango unaohesabika. Wanawake wengi wanaitaja kesi hiyo kwa furaha. Wachache wanajua kuwa Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa sababu mahakama iliona alitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Kwa hiyo kusema "nimemfulia miaka kumi na miwili" hakutoshi. Tofali zilinunuliwa lini? Hela ya bati ilitoka kikoba gani, na kitabu chake kiko wapi? Miamala ya M-Pesa kwa fundi je? Hata mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa una thamani, usiudharau kwa kuwa karatasi imechakaa. Toa kopi, na nakala uziweke kwa mtu unayemwamini.

Na ukisikia fununu kwamba nyumba inatafutiwa mteja, hilo liwe swali lako la kwanza kwa wakili. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, na unaweza kuiwekea zuio kwenye ofisi ya ardhi, isiuzwe, hata kabla ya kesi.

Sasa lile gumu. Mdogo wangu alimficha wakili jambo moja: mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, aliouchukua bila mumewe kujua. Alimficha kwa sababu nilikuwa nimekaa pale. Ndiyo maana siku hizi nawaambia watu, msindikizaji aishie mlangoni. Mbele ya dada mtu hujipamba. Wakili amefungwa na kiapo cha siri, dada hajafungwa na kitu. Ubaya wako wakili ausikie kwako, asije akausikia mara ya kwanza kutoka upande wa pili mbele ya hakimu.

Kuhusu gharama, uliza siku hiyo hiyo bila haya: ada yote ni kiasi gani, inalipwaje, risiti iko wapi. Vishoka ni wengi, na jina la wakili wa kweli utalikuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Asiye na uwezo atafute msaada wa kisheria. Tangu 2017 upo kwa mujibu wa sheria, wala si hisani ya mtu.

Safari ya pili mdogo wangu alibeba daftari la shule la mwanawe, amepasua kurasa za hesabu na kuandika kwa mwaka: ndoa, mtoto wa kwanza, kiwanja, msingi, bati, siku mume alipohama chumba. Mimi nilibaki kwenye korido na wateja wengine. Baadaye aliniambia wakili alisoma kurasa zote nne kimya kimya, kisha akauliza maswali matatu tu. La kwanza lilihusu kausha damu.