Matofali ya magazeti: moshi unatoka wapi?

Wanaoyakataa matofali ya kupikia yanayofyatuliwa kwa magazeti ya zamani wana hoja mbili: moshi na majivu. Kwa matofali ya karatasi tupu, ni kweli. Karatasi iliyolowekwa na kukamuliwa peke yake inashikana kama ubao. Hewa haipenyi, tofali linaungua nje, ndani linafuka.

Kosa ni kuligeuza gazeti kuwa kuni. Kazi yake hapa ni kushikanisha: nyuzi zake zikilegea majini hunasa vumbi la mbao, ambalo lenyewe halishikani. Loweka vipande vya ukubwa wa kiganja siku 2 au 3, twanga kinuni mpaka maandishi yasisomeke na upate uji mzito. Kwa ndoo 1 ya uji huo, weka ndoo 2 hadi 3 za vumbi la mbao. Chota konzi, kamua, fungua mkono. Donge likimomonyoka, ongeza karatasi. Uji ukichomoza kati ya vidole, ongeza vumbi. Kalibu ni kipande cha bomba la inchi 4 kilichotobolewa kwa msumari wa moto, na katikati yake kijiti cha inchi 1, ili tofali libaki na tundu. Hewa ikipanda tunduni, moto hushika kuanzia ndani. Majarida ya karatasi inayong'aa yaache: yana madini mengi ya kulainishia, nayo hayaungui, hubaki majivu.

Wengi hushindwa kwenye kukausha. Tofali ambalo theluthi ya uzito wake bado ni maji limeshapoteza theluthi ya nguvu kabla ya kiberiti, na sehemu ya kilichobaki inatumika kuyachemsha maji hayo. Moto unapoa, gesi zinatoka bila kuungua: ndio moshi wenyewe. Pima tofali lile lile jioni mbili mfululizo. Uzito usipopungua, limekauka. Wakati wa masika, bila chanja yenye paa na upepo, ni afadhali usifyatue.

Watetezi wa mkaa wana haki yao. Kilo ya mkaa ina megajuli (kipimo cha nishati) karibu 29, ya tofali kavu karibu 16. Mkaa ukishika hauchochewi, na sufuria haipaki masizi. Lakini hesabu hiyo inaanzia kwenye gunia. Anzia kwenye tanuri la udongo porini: kilo 1 ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni. Kilo 6 za kuni kavu zina megajuli kama 100. Zilizofika jikoni ni 29. Sabini na ushee zimeteketea kabla chungu hakijainjikwa. Moshi tunaosema mkaa hauna tumeuacha kijijini kwa mchoma mkaa. Na hata huo usio na moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayoua watu kwenye vyumba vilivyofungwa.

Mkakati wa Tanzania wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, na tofali hili halifikii usafi wa gesi. Gazeti nalo si la bure: muuza maandazi analihitaji kufungia. Ila linapokuwa gundi tu, kidogo kinatosha, na maboksi au madaftari yaliyojaa yanafaa vilevile.

Pikia nje, na usililaze tofali moja kwa moja kwenye chujio la jiko la mkaa. Liegemeze juu ya vipande 3 vya kigae, tundu likitazama juu, hewa ipite chini yake.