Madoa meupe kwenye tangi la maji ya chumvi: tuyatokomeze au tuishi nayo?

Madoa yakitoweka siku ya tano baada ya kutia dawa, mfugaji hushusha pumzi na kusifu dawa. Mara nyingi dawa haijafanya lolote. Cryptocaryon irritans, kimelea kinacholeta madoa ya ukubwa wa chembe ya chumvi, hukaa chini ya ngozi ya samaki siku 3 hadi 7 tu. Kikishashiba hujibandua chenyewe, hutambaa chini kwa saa kadhaa, kisha hujifungia ndani ya kifuko kigumu kwenye jiwe, mchanga, kioo au gamba la konokono. Humo hujigawa mara nyingi. Kifuko kimoja kinaweza kutoa vitoto zaidi ya mia, na vingi hutoka gizani, alfajiri ikikaribia, wakati samaki wamelala karibu na mawe na hawasogei. Kitoto kisichopata samaki ndani ya siku moja au mbili hufa.

Vifuko ndivyo vinavyoleta shida yote, kwa sababu havipasuki kwa pamoja. Vingine hupasuka baada ya siku 3, vingi ndani ya wiki nne, na imeshaonekana vilivyochukua siku 72. Dawa za matibabu huua vitoto vinavyoogelea; hazifiki kwenye kifuko wala chini ya ngozi. Kwa hiyo tangi linaweza kuonekana safi mwezi mzima, kisha madoa yakarudi.

Wafugaji wamegawanyika hapo. Wapo wanaosema kimelea kitokomezwe kabisa: samaki wote watolewe, watibiwe pembeni, na tangi kuu libaki bila samaki mpaka vitoto vyote vife kwa kukosa pa kushika. Wengine wanasema tangi lenye matumbawe halibomolewi kwa ajili ya madoa. Samaki washibishwe, maji yatunzwe, na kinga ya mwili ifanye kazi yake.

Hoja ya kutokomeza ina nguvu kwa sababu inafuata maisha ya kimelea chenyewe. Bila samaki hakizaliani. Wafugaji wengi huacha tangi kuu bila samaki siku 76, yaani zile 72 na akiba kidogo. Wengine hutosheka na wiki sita wakiweka joto kwenye nyuzi 27, kwani joto huharakisha upasukaji wa vifuko. Siku 76 ni nyingi, lakini kurudia kazi yote kwa sababu ya kifuko kimoja ni nyingi zaidi.

Njia hii huharibikia kwenye tangi la matibabu. Dawa ya humo ni shaba. Shaba iliyofungwa kikemikali hutiwa hadi miligramu 2.0 hadi 2.5 kwa lita kwa siku 30. Shaba huru ni miligramu 0.15 hadi 0.20 tu. Anayetia shaba huru kwa kipimo cha ile nyingine anawaua samaki, kwa hiyo soma lebo ujue uliyonayo ni ipi. Pandisha kipimo polepole kwa siku mbili au tatu, na pima kila siku. Kikishuka chini ya kiwango hata kwa siku moja, hesabu ya siku inaanza upya. Usiweke mchanga wala mawe ya chokaa humo, kwani hunyonya shaba. Vipande vya bomba la PVC vinatosha kuwa maficho. Amonia nayo hupanda haraka, na katika maji ya pH 8.2 sehemu yake kubwa zaidi huwa katika hali ya sumu kuliko kwenye maji yenye pH ya chini. Weka sponji iliyokwisha kupata bakteria wanaokula amonia, badilisha maji, na maji mapya yaje na shaba ya kiwango kilekile. Usitie kemikali ya kufunga amonia pamoja na shaba: baadhi yake huibadilisha shaba na kuifanya sumu kali zaidi.

Asiyetaka shaba ana njia ya kuhamisha samaki: matangi mawili, samaki wahamishwe kila baada ya saa 72 au pungufu, mara nne. Kimelea kinachodondoka huachwa nyuma kabla vitoto havijatoka. Tangi lililoachwa na vifaa vyake vyote vioshwe na kukaushwa kabisa. Kushusha chumvi hadi densiti 1.009 kwa wiki nne kunasaidia pia, ila refraktomita (kifaa cha kupima chumvi) isiyosahihishwa ikikudanganya hadi 1.012 hutakuwa umetibu chochote, na zipo aina za kimelea zinazostahimili maji ya chumvi kidogo.

Upande wa pili usidharauliwe. Samaki aliyenusurika maambukizi hupata kinga inayodumu miezi kadhaa. Hilo limethibitishwa kwa majaribio. Taa ya UV hupunguza vitoto, ingawa huua vile tu vinavyopita ndani yake. Na pale ambapo kumkamata samaki mmoja kunalazimu kung'oa mawe yenye matumbawe ya miaka, hasara ya kutokomeza ni kubwa kweli. Tangi lenye samaki wachache wagumu, wanaokula vizuri na wasiogombana, linaweza kukaa hivyo muda mrefu. Kitunguu saumu kwenye chakula hakitibu ugonjwa huu. Kamba na samaki wasafishaji nao si tiba, maana kimelea kimekaa chini ya ngozi.

Kwangu, swali linaloamua ni moja: je, utaongeza samaki mwingine? Kinga ya samaki wa zamani haimhusu mgeni. Yeye anaingia akiwa amechoka na safari, na tangi lote linamsubiri. Anazalisha vimelea kwa wingi, na mzigo huo unaweza kuwazidi hata wale waliokuwa na kinga. Kwa hiyo kuishi na kimelea ni uamuzi wa kufunga mlango: hakuna samaki mpya, na hakuna samaki, jiwe wala konokono atakayetoka humo kwenda kwa mwenzako bila kuambiwa ukweli. Asiyeweza kuahidi hayo atokomeze. Anayefuga kangaja (samaki waitwao tang kwa Kiingereza) atokomeze pia, kwani jamii hiyo huugua upesi na vibaya. Kinachoniuma zaidi ni kazi ya nusu, samaki watatu wakitibiwa na wawili wakiachwa kwenye mawe kwa kuwa wamekataa kukamatika. Hao wawili wanatosha kukilisha kimelea, na wale watatu wameteseka bure.

Anayetokomeza alinde mlango pia. Tumbawe jipya, mwani au konokono huweza kuja na kifuko. Vikae kwenye tangi lisilo na samaki kwa siku zilezile 76, na wavu au ndoo isihamishwe ikiwa na maji kutoka tangi moja hadi jingine.

Yote haya yanasimama ikiwa ugonjwa ni huu kweli. Kimelea kingine, Amyloodinium ocellatum, huleta vidoa vidogo mno na vingi, mwili hufifia, na samaki wanaweza kufa ndani ya siku chache; hapo hakuna mjadala wa kuishi nao, na kushusha chumvi hakutasaidia. Hata kwa madoa ya kawaida, usihesabu madoa peke yake. Kimelea hupenda mashavu anayopumulia samaki, ambako hukioni. Samaki anayehema haraka, anayekaa mbele ya mkondo wa pampu au anayekataa chakula yuko hatarini hata kama ngozi ni safi. Ukiiona hali hiyo kwenye tangi ulilokuwa umeamua kulivumilia, toa samaki wote siku hiyohiyo, wakiwemo wanaoonekana wazima.