Kamera Iliyopungua Ukubwa Ukumbini

Tuseme ukweli kuhusu gripu, kile kidude cha betri kinachofungwa chini ya kamera. Nusu ya wapiga picha wanaifunga kwa ajili ya macho ya watu. Nusu nyingine wanasema uongo.

Sababu za kitaalamu zipo, sikatai. Inabeba betri mbili badala ya moja. Ina kitufe chake cha kupigia picha, kwa hiyo ukisimamisha kamera wima, kiwiko hakibaki hewani kama cha mtu anayefukuza nyuki. Wenzetu wa Nikon walikuwa na hoja nzito zaidi: D700, ukiifunga gripu ya MB-D10 na kuitilia betri kubwa ya EN-EL4a, inapanda kutoka picha 5 kwa sekunde hadi 8. Hiyo ni sababu ya kutoa hela.

Mimi natumia Canon 70D. Ilipotoka mwaka 2013 ilikuwa inapiga picha 7 kwa sekunde, na ukiifunga gripu inapiga 7 zilezile. Betri yake moja, LP-E6, kwa vipimo vya kiwandani inafika picha 920 hivi. Kwa hesabu hizo sikuwa na haja ya gripu hata kidogo. Tatizo ni kwamba Dar es Salaam mpiga picha wa harusi hachaguliwi kwa hesabu, wala kwa picha. Anachaguliwa kwenye kikao cha kamati, saa mbili usiku, na wajumbe wanaomsubiri aweke kamera mezani waione.

Mweka hazina wa kamati ile alikuwa mama wa makamo mwenye kaunta buku na kalamu mbili, moja ya wanaotoa na moja ya wanaoahidi. Aliitazama 70D yangu, akaigeuza, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hii ndiyo yote?"

Nikasema kubwa iko nyumbani, mama.

"Basi siku ya harusi uje na kubwa." Akaandika.

Kesho yake nikawa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, natafuta ukubwa. Muuzaji akaniwekea maboksi mawili juu ya kioo. La kwanza lilikuwa na BG-E14, gripu ya Canon wenyewe. Raba yake ni ileile ya mwili wa kamera, gurudumu la kukazia linazunguka bila kelele, na kwenye ule mkono unaoingia ndani ya kamera wameweka kipenyo cha kuhifadhia kifuniko cha betri. Sikukitilia maanani kipenyo hicho. Nilitilia maanani bei.

Boksi la pili lilikuwa na gripu ya kampuni nyingine, jina ambalo sikuwahi kulisikia na sasa naogopa kulitaja. Bei yake ilikuwa kama robo ya ile ya kwanza, na ndani unapewa betri mbili za bure.

Nisieleweke vibaya. Gripu ya kampuni nyingine si feki. Feki ni ile inayojiandika Canon wakati haikuzaliwa huko. Hii yangu ilijiandika jina lake yenyewe, herufi kubwa za dhahabu, na wapo wenzangu wanaozungusha gripu za namna hiyo miaka na miaka bila kesi. Nilimwuliza muuzaji tofauti ni nini hasa.

"Bosi wangu," akasema, "zote zimepita bandari moja."

Hoja hiyo mpaka leo sijaipatia jibu. Nikalipa.

Kufunga gripu ni kazi ya dakika moja. Unachomoa betri, unang'oa kile kifuniko cha betri kilicho chini ya kamera, unaingiza mkono wa gripu kwenye tundu lililobaki wazi, unakaza gurudumu. Kifuniko nikakiweka juu ya meza ya sebuleni. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Ilikuwa kubwa. Mke wangu akasema sasa unafanana na watu wa Ikulu.

Jumamosi kanisani nikaiwasha wakati bibi harusi anashuka kwenye gari. Badala ya kuwa tayari, kamera ikaniuliza swali. Hizi LP-E6 za asili zina chipu ndani, zinazungumza na kamera. Betri za bure hazikuwa na la kuzungumza. Kwa hiyo kioo kikaandika kwamba mawasiliano na betri yana hitilafu, na je, betri hii ina nembo ya Canon? Matarumbeta yanalia, bibi harusi kaweka mguu mmoja chini, na mimi nahojiwa. Nje ya geti ningejibu ndiyo. Lakini nilikuwa nimesimama chini ya msalaba, nikajibu hapana. Ikaniruhusu kupita.

Ibada ilikwenda vizuri hadi maombi. Watu wamefumba macho, mchungaji ameweka mikono juu ya vichwa vya maharusi, anaombea uzao. Nikasimamisha kamera wima, nikabonyeza kitufe cha gripu taratibu, picha moja tu ya heshima. Kitufe kikazama. Hakikurudi.

Picha 7 kwa sekunde ni sifa nzuri kwenye karatasi. Ndani ya kanisa lililo kimya zinasikika tofauti. Kamera ikatiririka, flashi ikaifuata kadiri ya nguvu zake, ikipumzika na kuwaka tena. Bibi mmoja wa benchi la mbele, macho kayafumba, akawa anaitikia amina kwa kila mwanga. Pembeni ya kitufe kile kuna kiswichi cha kukilaza. Nikakizungusha. Kilizunguka vizuri sana, kwa ulaini, kwa sababu hakikuwa kimeshikana na kitu chochote. Mchungaji akafumbua jicho moja. Nikazima kamera yote, nikainama, nikajifanya naomba, na kusema kweli nilikuwa naomba.

Kwa kijiti cha meno nikakichokonoa kitufe hadi kikarudi juu, nikaapa kutokigusa tena. Shughuli ikahamia ukumbini Sinza. Sasa ukumbi wa Sinza una spika ambazo ukisimama karibu nazo vifungo vya shati vinatetemeka, na mahali pa mpiga picha ni hapohapo karibu na spika. Gurudumu la gripu yangu lilitumia saa tatu likijifungua lenyewe, nyuzi kwa nyuzi, kwa mdundo wa singeli.

Ndafu ikaingia. Mbuzi mzima, majani mdomoni, anaingizwa kwa shangwe na wapishi wanaocheza. Nikasogea juu ya sinia, nimesimamisha kamera wima, mkono wa kulia umeshika gripu, wa kushoto umeshika lensi. MC anahesabu: moja, mbili... Kwenye tatu mkono wa kulia ukabaki na gripu na wa kushoto ukabaki na kamera. Vikaachana mbele za watu. Trei ya betri ikateleza kutoka ubavuni mwa gripu, ikatua kwenye paja la ndafu na betri zake mbili za bure.

Kimya kidogo. Kisha MC, kazi yake hiyo:

"Mpiga picha ameshindwa kusubiri muda wa zawadi!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mama mweka hazina hakucheka. Alikuwa anaandika.

Mfukoni nilikuwa na LP-E6 yangu ya zamani, ya asili, imejaa. Nikaisukuma kwenye tundu, nikawasha. Hamna. Ndipo nikakumbuka kuwa ndani ya tundu la betri kuna kiswichi kidogo kinachobonyezwa na kifuniko kikifungwa; kifuniko kisipokuwepo, kamera inaamini iko wazi na haiwaki hata uilipe. Na kifuniko changu, kwa kukosa kile kipenyo cha BG-E14, kilikuwa Kigamboni juu ya meza. Nikampigia mke wangu.

"Kile cheusi kidogo?" akasema. "Si ndiyo pantoni ya mwanao. Iko kwenye beseni inavusha watu."

Hata kama ingekuwa nchi kavu, kutoka Kigamboni hadi Sinza Jumamosi usiku si mchezo. Nikarudi ukumbini nimeshika kamera kwa mikono miwili. Shangazi yake bwana harusi akaniona. Nesi mstaafu, mkoba wake una kila kitu.

"Una nini, baba?"

Nikamweleza. Akavaa miwani, akachungulia tundu, akauliza kinachotakiwa kubonyezwa ni kipi, nikamwonyesha. Akachukua kijiti cha mishkaki, akakivunja kipande, akakipima, akakipunguza kwa meno. Akakichomeka, akatoa plasta ya hospitali, ile nyeupe ya kufungia bandeji, akazungusha chini ya kamera mara kadhaa huku akinikaripia nimshikie mgonjwa asitikisike. Akapiga kofi dogo juu yake.

"Washa."

Ikawaka. Haikuuliza swali lolote.

Kuanzia hapo nilipiga picha kwa raha ambayo sikuwa nayo tangu asubuhi. Kamera ilikuwa nyepesi, napenya kati ya wacheza kwaito, nachuchumaa, nalala chini. Plasta haikulegea. Ila watu hawakukosa kuiona, na mtoto mmoja alimwuliza mama yake kama kamera ya anko imetahiriwa.

Wiki iliyofuata nikaenda kudai salio. Mama akafungua kaunta buku, akavuta miwani, akanisomea: "Mpiga picha, kamera kubwa, hadi mwisho wa shughuli." Akatelezesha kidole. "Hapa nimeandika, kubwa ilikoma kwenye ndafu. Kutoka ndafu hadi kuwasindikiza maharusi ilifanya kazi ndogo, tena yenye bandeji. Hatuwezi kulipa ndogo kwa bei ya kubwa, mwanangu. Hela ni za michango." Mstari wa chini ukasema: "Paja moja la ndafu, halikuliwa, betri." Nalo likakatwa.

Nikamfungulia picha kwenye simu, moja baada ya nyingine. Bibi harusi anacheka kichwa kimeanguka nyuma. Baba mzazi anafuta machozi kwa ncha ya tai. Nikamwambia, mama, angalia vizuri, zote hizi unazozisifia zimepigwa baada ya ndafu.

Akaziangalia zote, hakuharakisha. Akafunga kaunta buku.

"Ndiyo maana nashangaa," akasema. "Sasa ile nyingine uliileta ya nini?"