Staji kwenye kabine ya uhasibu: kwa nini natetea yale makaratasi

Vyuo vya Lubumbashi vikituma wanafunzi wa uhasibu kwenye staji, yaani mafunzo ya vitendo kazini, lalamiko huwa lilelile. Kijana kasoma miaka yote hiyo, anafika kwenye kabine (ofisi) ya ukaguzi wa hesabu mjini, anapewa rundo la makaratasi apange, na mwisho wa mwezi anarudi nyumbani mikono mitupu. Wazazi wanasema mtoto wao katumikishwa bure. Wenye kabine wanajibu kwamba mwanafunzi anakuja hajui kitu, na kumfundisha kunakula saa za watu wenye kazi ya wateja. Kila upande una lake la kweli. Ila hilo la makaratasi watu hawalielewi, na anayepata hasara ni mwanafunzi mwenyewe, kwa kudharau kitu kilekile alichokifuata.

Tazama anachofanya pale mezani. Kila fakitire, yaani ankara ya muuzaji, aitafutie hati ya kuagiza, hati ya kupokea mali, kisha malipo yake kwenye taarifa ya benki. Tarehe zifuatane, kiasi kilingane, jina la muuzaji liwe lilelile kote. Akikuta mali imepokelewa kabla ya kuagizwa, hapo ana swali la kuuliza, na ukaguzi wote ni maswali ya namna hiyo. Akaunti za SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tunazozitumia kwa sababu Kongo iliingia humo mwaka 2012, ameshazikariri: 40 wauzaji, 52 benki. Ambacho hajawahi kukiona ni karatasi iliyo nyuma ya namba, na kwamba karatasi hiyo inaweza kudanganya.

Chukua fakitire ya vipuri vya pampu, dola 1,160. Bei ni 1,000, na 160 ni TVA (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 16, kiwango tulichokuwa nacho tangu kodi hiyo ilipoanza Januari 2012. Kampuni imeziandika 160 hizo kwenye akaunti 445, ya TVA iliyolipwa kwa wauzaji, na kuzipunguza katika TVA inayopaswa kuilipa Serikali. Stajieri anaigeuza ile fakitire na kuona haina namba ya kodi ya muuzaji. Wakaguzi wa kodi wakija, wanaweza kuzikataa 160 hizo, kampuni izilipe na adhabu juu yake. Hiyo ni karatasi moja. Kampuni inayouzia migodi vifaa hununua kila siku. Karatasi za aina hiyo zikifika hamsini, ni dola 8,000 zinazoning'inia. Na aliyeziona ni yule kijana aliyeambiwa apange makaratasi! Kila nikilifikiria hili, sioni darasa ambalo lingemfundisha. Zoezi la darasani linampa TVA ikiwa imeshaandikwa vizuri, fakitire haina doa, muuzaji hana kasoro.

Binti mmoja wa mwaka wa mwisho, mkaazi wa Katuba, alinionyesha daftari lake la staji. Kurasa za mwanzo zimejaa uchovu: leo tena mafaili, leo tena kutoboa matundu. Mbele kidogo mwandiko unabadilika, unakuwa orodha ya maswali kwa mhasibu wa mteja: nani alitia sahihi hapa, mbona namba hii ya fakitire imetokea mara mbili. Pembeni msimamizi wake ameandika majibu kwa kalamu nyekundu. Hiyo kalamu nyekundu ndiyo inayotenganisha staji na utumwa. Mwanafunzi asiyesomewa maelezo yake na mtu yeyote ana haki ya kulalamika, hata kama mafaili ni yaleyale.

Kuhusu nauli sina utetezi. Kutoka Katuba au Ruashi hadi mjini ni teksi-basi asubuhi na jioni, na mchana mtu ale. Kabine inayomweka mwanafunzi kwenye faili la mteja anayelipa impe angalau usafiri, la sivyo staji inabaki ya watoto wa wenye nazo.

Kuna pia suala la majira, ambalo vyuo havilipimi. Hesabu zinafungwa tarehe 31 Desemba, na kampuni ina miezi minne ya kukamilisha taarifa zake. Anayekuja Februari anakuta kazi motomoto lakini hakuna wa kumwelekeza. Anayekuja Agosti anapata wa kumwelekeza, ila mafaili yameshapoa. Mimi ningempeleka Februari, tena kwa miezi miwili, chuo kikiwa kimekubaliana na kabine jina la msimamizi kabla hajafika.

Halafu ripoti. Nyingi nilizosoma zinamaliza nusu ya kurasa kwa historia ya kabine na mchoro wa uongozi wake, kwa kuwa siri ya kazi inakataza kutaja wateja na mwanafunzi anaogopa kugusa kingine. Profesa angeweza kudai kurasa kumi tu juu ya akaunti moja, majina yote yakiwa yamefutwa: karatasi zipi zilikaguliwa, zipi hazikulingana, mteja alijibu nini.