Mama mkwe alinikuta na wembe mkononi

Mke wangu ana okidi moja tu, ile ya maua meupe kama vipepeo waliotua kwenye kijiti, na ukimsikia anavyoizungumzia utadhani ni mtoto wetu wa tatu. Alipokwenda kozi ya mwezi mmoja Dodoma aliniachia watoto wawili na hiyo okidi. Maagizo ya watoto yalikuwa mafupi. Ya okidi ndiyo yaliyochukua jioni nzima: kikombe kimoja cha maji kwa wiki, basi.

Kikombe kimoja kwa joto hili la Tanga? Nikaona huo ni uonevu. Nikawa naimwagia asubuhi na jioni, kama mchicha. Wiki ya tatu majani yakalegea, na chungu kikaanza kunuka kama maji ya kisima kilichofungwa.

Mzee mmoja wa bustani pale kazini alinisikiliza huku akitikisa kichwa. Kumbe okidi ya namna ile kwao ni juu ya miti: inakumbatia gome, mizizi inaning'inia hewani, inanyeshewa kisha inakauka. Mimi nilikuwa nimeizamisha. Itoe, akasema, kata mizizi yote iliyooza kwa wembe uliopitishwa kwenye moto, paka mdalasini kwenye majeraha, kisha ipande upya kwenye makumbi ya nazi yaliyolowekwa usiku kucha, uchanganye na vipande vya mkaa.

Jumamosi jioni nikapeleka watoto kwa shangazi yao, nikakusanya vitu. Nilipoketi tu, umeme ukakatika. Nikawasha mshumaa. Joto likanizidi, nikavua shati nikabaki na kikoi. Sakafu isichafuke, nikatandika kaniki kuukuu. Naomba uyaweke hayo akilini.

Mzizi mzima ni mgumu, ukiulowesha unakuwa kijani. Uliooza ukiubinya unatoa maji ya kahawia, ganda linavuka kama soksi, mkononi unabaki uzi. Nikawa nabinya mmoja mmoja na kuhesabu kwa sauti: "Huu mzima. Huu umekufa. Huu umekufa." Wa tisa au wa kumi wembe ukanipitia kidole gumba. Damu ikadondoka kwenye kaniki. Nikaendelea: "Na huu umekufa."

"Audhubillahi!"

Mama mkwe. Katokea Pangani bila taarifa, kapu la maembe kichwani. Mlango niliuacha wazi nipate upepo, na hodi zake sikuzisikia.

"Shikamoo mama."

Miaka kumi na miwili ya ndoa, siku hiyo ndiyo ya kwanza hakuitikia. Macho yake yalitoka kwenye mshumaa, yakaenda kwenye wembe, mkaa, kisosi cha unga wa kahawia, damu, mizizi.

"Unamfanyia nani haya?"

"Mama Zulfa."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui, mama. Nataka nimalize kabla hajarudi."

Wallahi, nililosema lilikuwa kweli tupu. Mama mkwe akarudi kinyumenyume, kapu lake kichwani vilevile, hakuangusha hata embe moja, akaenda kulala kwa jirani.

Saa tatu usiku simu ikaita. "Mama amenipigia kuuliza kama niko hai," mke wangu akasema. "Anasema unanikata mizizi."

Nikamweleza yote, nikitegemea atacheka.

"Imebaki mingapi?"

"Minne."

"Kati ya mingapi?"

"Kumi na saba."

Akanyamaza kuliko mama yake.

Asubuhi mama mkwe alirudi. Nikamwonyesha okidi imekaa wima kwenye makumbi yake, nikamweleza kila kitu tangu kikombe cha kwanza cha maji. Akasikiliza, akaguna, akakubali kuketi, ila karibu na mlango. Nikamletea chai. Akainusa.

"Umetia nini humu?"

"Mdalasini, mama."

Akakisukuma kikombe upande wangu taratibu.

"Anza wewe, baba."