Karatasi za Gitaa Zinazosahau Mkono wa Kulia
Kinachoniudhi katika karatasi nyingi za kujifunzia gitaa ni kwamba huandika majina ya kodi, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, juu ya maneno ya wimbo, kisha hunyamaza kuhusu mkono wa kulia, ilhali wimbo kama “Dust in the Wind” wa kundi la Kansas, uliotoka mwaka 1977, uhai wake umo katika vidole vya mkono huo. Dole gumba hupokezanisha nyuzi nene kwa mapigo yaliyo sawa, huku vidole vingine vikidonoa zile nyembamba. Hata pale mwanzoni, panapoandikwa kodi ya C tupu, sauti ya uzi wa pili kutoka ule mwembamba zaidi hubadilika, na badiliko hilo ndilo wimbo wenyewe! Nimepoteza wiki tatu nikifuata karatasi ya namna hiyo.