Toa Mbuzi

Nilikwenda pembezoni mwa Hifadhi ya Mkomazi kumtafuta Calamonastes simplex, ndege wa sentimita 13 hivi mwenye jina linalomzidi urefu. Ni kijivu cha moshi mwili mzima, mdomo mweusi, na hulia kwa kugonga: tk, tk, tk, kama mtu asiye na haraka anagonganisha mawe mawili. Hukaa chini kwenye vichaka vikavu, kwa hiyo utamsikia sana kabla hujamwona.

Saa mbili asubuhi nikasikia kitu kinagonga ndani ya kikwata, kile kichaka cha miiba. Kiligonga haraka mno, tena kwa kukwaruza. Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka. Nililala kifudifudi nikajipenyeza kwa viwiko, kichwa mbele. Kikwata hakina ubaya unapoingia. Miiba yake ni ya ndoano, miwilimiwili, imepinda kurudi nyuma; bei utaambiwa wakati wa kutoka.

Nilipofika katikati, yule ndege akaacha kugonga, akalia: "Meee!"

Nikajua nimekwisha. Huyo ni Camaroptera brachyura: mgongo wa kijivu, mabawa ya kijani, mkia mfupi. Naye hugonga, ila akikereka hulia kama kitoto cha mbuzi. Nami nilikuwa nimemkera kwelikweli.

"Toa mbuzi," sauti ikasema nyuma ya viatu vyangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toa mbuzi."

Nikamweleza kuwa ni ndege. Ndege naye akalia tena, safari hii kwa uchungu wa yatima. Mzee akahesabu mbuzi wake kwa sauti, mara mbili. Walitimia.

"Sasa huyu wa nani?"

Kabla sijajibu, nyuma yake kukaanza: tk. Tk. Tk. Taratibu. Nikataka kugeuka, shati likakataa.

"Mzee, huyo anayegonga unamwona?"

"Yuko kwenye tawi kavu hapa."

"Bawa lina kijani?"

"Kijivu."

"Tumbo jeupe?"

"Kijivu. Kote kijivu, kama amelala jikoni kwenye majivu."

"Na mkia?"

"Anausimamisha, anaushusha, anausimamisha. Kama mtu anajaza upepo baiskeli."

Ndiye! Nikachomoa daftari kwa mkono mmoja uliokuwa huru, nikaandika spishi, saa na mahali. Kwenye safu ya "aliyeona" nikakwama.

"Ameruka," mzee akasema. "Haya, tulia nikutoe miiba. Halafu utanionyesha huyo mbuzi."